Mto upimwe mwezi wa kumi

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za mchana. Mwenyekiti ahsante kwa nafasi, na ahsanteni mliotoka mbali, naona watu wa Matamba hapa, naona wa Chimala, naona ndugu zetu wa jumuiya za watumia maji kutoka Mbarali wamekaa kule nyuma kabisa. Sogeeni mbele jamani, haya maneno yanawahusu nyie kuliko mtu yeyote humu ndani.

Kwenye ratiba wameandika nitaongelea vijito vya milimani ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Nitaviongelea. Ila wanaonifahamu wanajua naanzia wapi. Naanzia Oktoba. Kila nikipewa maiki naanzia Oktoba, na nitaendelea kuanzia hapo mpaka siku wale wanaogawa maji waulize wenyewe bila kukumbushwa: huu mto, Ruaha Mkuu, mwezi wa kumi una maji kiasi gani?

Sitawaeleza Kitulo ni nini, mko Mbeya, mnaijua. Hifadhi tangu 2005, kilomita za mraba 413 hivi, wengi wanaiita Bustani ya Mungu, maua aina kwa aina, okidi peke yake ni zaidi ya aina arobaini. Safi sana. Sasa naomba mtu atoe simu yake atafute picha za Kitulo. Umeona? Kijani tupu, maua, ukungu, maji yanameremeta. Hizo picha zimepigwa lini? Zimepigwa kati ya Desemba na Aprili, kwa sababu ndo maua yanachanua na ndo watu wanapanda. Mtalii wa Kitulo anakuja kipindi cha mvua. Mtalii wa Ruaha, ile hifadhi kubwa kule chini upande wa Iringa, anaenda kiangazi maana ndo wanyama wanaonekana vizuri, na mwezi wa kumi anakuta mto umekuwa mchanga, viboko wamebanana kwenye kidimbwi cha matope, tembo anachimba kwa mguu na mkonga atafute maji chini ya mchanga. Yule wa Kitulo ameona maji, yule wa Ruaha ameona mchanga, na ni maji yale yale! Hawa watu wawili hawakutani hata siku moja. Na sisi tunaoishi katikati yao, tunaopita Igurusi na Chimala kila wiki, tunaongea kama vile ni mito miwili tofauti.

Haya, twende juu kwanza.

Nataka muione Kitulo ya mwezi wa kumi. Uko kwenye mita kama 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Mvua ya mwisho ya maana ilinyesha mwezi wa tano. Vilima vyote vimekuwa kahawia, majani makavu, sehemu nyingine moto umepita pamebaki peusi. Ukisimama mlimani ukaangalia chini bondeni unaona mstari wa kijani, mwembamba, unapinda pinda. Shuka mpaka pale. Usikanyage kwa haraka, kanyaga taratibu halafu nyanyua mguu, alafu subiri. Alama ya kisigino chako inajaa maji. Hamna mvua, hamna bomba, hamna mtu aliyemwagilia, na unyayo wako unajaa maji ya baridi ya kuuma vidole, kidogo kidogo, mpaka unafika juu. Udongo wenyewe mweusi, laini, umejaa mizizi iliyooza nusu, ukiushika kiganjani ukaukamua unatoa maji. Mita chache mbele unasikia sauti, kijito kinapita chini ya majani umekiona tu pale majani yanapofunguka, mtoto wa darasa la tatu anakiruka.

Hicho kinachorukwa na mtoto ndo Ruaha Mkuu. Hicho na wenzake, vinavyoteremka kutoka Kitulo na milima ya Uporoto na Kipengere, ndo vinakuja kuitwa Ruaha, Chimala, Kimani, kule mashariki inaongezeka Mbarali na Ndembera, vyote vinaingia bonde la Usangu.

Sasa swali langu, na naomba wanafunzi mlijibu vichwani mwenu kabla sijaendelea: hayo maji yaliyojaza kisigino yametoka wapi? Ni mvua ya Januari. Ni mvua ya Machi. Huko juu inanyesha mpaka milimita 1,600 kwa mwaka, inanyesha miezi na miezi, majani yanaipunguza kasi, udongo wa volkano unaimeza, inashuka polepole ndani ya kilima, inatokea bondeni kwenye ule udongo mweusi, na ule udongo unaiachia kidogo kidogo wakati hamna kingine chochote kinachoachia. Maji ya Machi yanaonekana na kila mtu, yanavunja madaraja, yanapigwa picha. Maji ya Oktoba yanatoka kwenye udongo. Kwa hiyo ukiniuliza Ruaha ya Oktoba inahifadhiwa wapi sikuelekezi bwawa la Mtera wala ofisi yoyote. Iko kwenye yale mabonde meusi, upana wake mengine ni kama uwanja wa mpira, mengine hata huo uwanja hayafiki.

Kuna mtu atasema, mzee unakuza mambo, kijito cha kuruka kina maji gani? Sawa, tupime. Hii ninayowafundisha haihitaji shahada. Chukua kamba ya mita kumi, tafuta sehemu kijito kimenyooka kidogo, nyosha kamba ukingoni. Pima upana, pima kina sehemu tatu nne utafute wastani. Dondosha kijiti juu kwenye maji, washa saa ya simu, angalia kinatumia sekunde ngapi kufika mwisho wa kamba. Rudia, kijiti kingine kitakwama kwenye majani, usikasirike, rudia. Tuseme upana ni mita moja na nusu, kina sentimita 20, kijiti kimetumia sekunde 25. Mita kumi kwa sekunde 25 ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha na upana na kina unapata 0.12. Ila maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayosugua mawe, kwa hiyo punguza, zidisha kwa 0.8. Unapata kama lita 96 kwa sekunde. Lita 96 tu, mtu anacheka. Haya zidisha kwa siku nzima, sekunde 86,400. Ni zaidi ya lita milioni 8 kwa siku! Matanki ya lita elfu tano zaidi ya 1,600, kila siku, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, mwezi wa kumi, wakati hamna tone linalotoka mbinguni. Kutoka kijito cha kuruka.

(Makofi ukumbini.)

Msipige makofi, kapimeni.

Sasa tushuke. Wale wa Matamba mnaijua ile barabara ya Chimala, kona 57, ukishuka masikio yanaziba. Maji nayo yanashuka hivo hivo, kutoka mita 2,600 mpaka Usangu kwenye mita elfu moja na kitu, kutoka baridi mpaka joto, kutoka milimani kwenye mvua nyingi mpaka bondeni ambako mvua ni chini ya nusu ya ile ya juu. Na pale chini ndo kuna mpunga. Mimi sina ugomvi na mpunga, mchele wa Mbeya naula, watoto wa watu wengi humu wamesomeshwa na mpunga wa Usangu, hiyo tuelewane mapema maana kila nikiongea kuna mtu anaenda kusema mzee fulani anawachukia wakulima. Hapana. Mpunga unalimwa kipindi cha mvua, maji yapo, yanatosha, walime. Shida yangu ni kiangazi, mpunga umeshavunwa, watu wameshauza, na banio, yaani kizuizi cha kuchepushia maji ya mto kwenda mashambani, bado liko wazi na mfereji unaendelea kubeba maji kwenda kupotelea kwenye majaruba matupu. Hili silitungi. Tafiti zilizofanyika Usangu mwishoni mwa miaka ya 90 ziliona hivyo hivyo, kwamba mto unakauka kule chini hasa kwa sababu ya maji yanayochepushwa kiangazi.

Ngoja niwape kisa, na wenye kukisikia zamani mnisamehe, nitakirudia mpaka kipoteze maana.

Skimu moja ya umwagiliaji, siitaji, iko kwenye mto mmoja kati ya hiyo niliyoisema. Kikao cha ugawaji wa maji kimeitishwa mwezi wa nne. Mwezi wa nne! Mto uko kifuani, unanguruma mpaka kwenye kikao mnaongea kwa kupaza sauti. Mabanio ni matatu, la juu, la kati, la chini, na chini kabisa kuna kijiji ambacho hakina skimu yoyote, wanachota tu mtoni. Inaulizwa, banio la juu lipewe lita ngapi kwa sekunde? Inatajwa namba. Banio la kati? Inatajwa namba. La chini? Namba. Mtu anajumlisha kwenye daftari, anaangalia mto, anasema inatosha na inabaki. Kila mtu amefurahi, muhtasari umesainiwa, watu wamekula wameondoka. Mama mmoja wa kile kijiji cha mwisho alinyoosha mkono akauliza swali moja, akasema, na mto ukipungua? Akajibiwa ukipungua tutakaa tena.

Hawakukaa tena. Mwezi wa kumi mto mzima, ule mto wote uliokuwa unanguruma, ulikuwa mdogo kuliko namba ya banio la juu peke yake. Sikilizeni vizuri hapo. Yule wa juu alikuwa na karatasi inayomruhusu kuchukua lita kadhaa kwa sekunde, na mto wote haufiki hizo lita. Kwa hiyo akichukua mto mzima mpaka tone la mwisho, hajavunja kitu! Yuko ndani ya kibali chake! Wa kati wakaja usiku na tochi na majembe wafungue, wa juu wakaweka vijana walinde, ikawa ni maneno, ikawa ni fimbo. Na yule mama wa kijiji cha mwisho na wenzake walikuwa wanachimba mchanga katikati ya mto, wanasubiri kidimbwi kijae, wanachota kwa kikombe kuweka kwenye ndoo. Kikombe kwa kikombe. Mtu anaulizwa chanzo cha ugomvi anasema ni tamaa ya watu wa juu, mwingine anasema tabianchi, mwingine anasema wafugaji maana wafugaji siku zote wapo wa kusingiziwa. Mimi nasema chanzo ni kikao cha mwezi wa nne. Waligawa mto ambao mwezi wa kumi haupo.

Ndo maana nasema kila siku, acheni kugawa kwa namba ya lita, gawa kwa mafungu. Banio lijengwe hivi kwamba mto ukija mkubwa wa juu anapata fungu lake, ukija mdogo anapata fungu lile lile la kilichopo, na fungu la mto wenyewe linapita bila kuguswa na mtu. Kuta za zege za kugawia, unazipima kwa upana, hamna geti la kufungia usiku. Wazee wetu walikuwa na zamu za maji kwenye mifereji yao na zamu ni mgawanyo wa kilichopo, yakiwa mengi zamu ina mengi, yakiwa machache zamu ina machache. Kitu walichokijua watu bila kalkuleta, sisi wenye kompyuta tumekiacha.

Sasa Ihefu. Hapa naomba utulivu kidogo maana hapa ndo watu wengi hawapajui na ndo panapoamua kila kitu.

Mito yote ya Usangu inaishia kwenye kinamasi cha Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, unaitwa Ng'iriama, na pale kwenye mlango kuna mwamba umelala chini kuvuka mto. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba yanapita, yanaenda Hifadhi ya Ruaha, yanaenda mabwawa ya Mtera na Kidatu. Yakishuka chini ya mwamba, hata kwa kiganja kimoja, hayapiti. Mto umezimwa. Ihefu bado ina maji, samaki wapo, ndege wapo, lakini chini ya pale ni mchanga.

Na Ihefu yenyewe iko kwenye jua la Usangu la Oktoba, wazi, majani marefu, inapoteza maji kwenda hewani mchana kutwa. Watafiti waliowahi kupiga hesabu walisema ili kiangazi zitoke mita nusu ya ujazo kwa sekunde pale Ng'iriama, inabidi ziingie kama mita saba. Lita elfu saba ziingie ndo zitoke lita mia tano. Na wakati wanapiga hizo hesabu mito ilikuwa inaingiza kama nusu tu ya hizo saba. Mtu anasikia hivyo anasema basi haina maana, unamwaga elfu saba upate mia tano? Ndugu yangu, umeielewa kinyume. Ile elfu sita na ushee Ihefu inakula kwanza, ipende isipende, ni jua. Inayobaki, ile ya mwisho mwisho, ndo inapanda juu ya mwamba, na hiyo ndo Ruaha nzima ya Oktoba. Tofauti kati ya mto na mchanga kule hifadhini iko kwenye zile lita mia za mwisho. Na lita mia za mwisho, nimeshawapimia hapa kwa kijiti na kamba, ni kijito kimoja cha kuruka cha Kitulo. Kimoja!

Kwa hiyo mtu akija na hoja kwamba kibonde kimoja kikilimwa huko Kitulo pembeni kuna shida gani, mto ni mkubwa, mimi namjibu mto mkubwa ni wa Machi. Wa Oktoba ni mdogo kiasi kwamba kibonde kimoja kinaonekana Ng'iriama.

Mnajua ilianza kukauka lini kule hifadhini? 1993. Kabla ya hapo wazee wa kule wanakwambia mto ulikuwa unapita mwaka mzima, hata kiangazi. Mwaka 2001 serikali ikaahidi kwamba ikifika 2010 Ruaha itakuwa inatiririka mwaka mzima. Mwaka 2008 Ihefu na eneo kubwa la Usangu likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha, ikawa na kilomita za mraba 20,226. Watu walihamishwa, mifugo iliondolewa, na machungu ya lile zoezi wenye nayo wako humu ndani na sitaki kuyapita juu juu, ni maumivu ya kweli. Na 2010 ikafika ikapita, na Oktoba mto ukaendelea kukauka. Kwa sababu unaweza ukalinda kinamasi kwa kila askari uliyenaye, maji yasipoingia hakuna cha kulinda. Maji yanaingia kutoka juu.

Kuna kijana pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, unataka kusema mabwawa. Jenga bwawa juu, hifadhi maji ya Machi, achia Oktoba, kazi imeisha. Sijasema bwawa ni dhambi. Ila bwawa unajenga kwa mabilioni, linajaa tope, linahitaji mtu wa kufungua na kufunga, na huyo mtu anapigiwa simu na wakubwa. Yale mabonde meusi ya Kitulo yanafanya kazi hiyo hiyo bure na hayapokei simu. Linda lililopo kwanza, halafu tuongee bwawa. Na nikuongezee, hata hayo mabwawa tuliyonayo, Mtera na Kidatu, Kidatu ina megawati 204, Mtera 80, yanakula kutoka mto huu huu. Wenye umri wangu mnakumbuka mgao wa umeme wa 2006, mnakumbuka tulivyokaa gizani, mafriji yanayeyuka, vinyozi wanafunga saa nane mchana. Kila mtu alikuwa anaangalia kina cha Mtera kwenye taarifa ya habari. Hamna kamera hata moja iliyopanda Kitulo. Na sasa Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, nalo Ruaha inaliingilia. Sio mchangiaji mkubwa kuliko wote, Kilombero ndo mkubwa, lakini yumo.

Mwenyekiti ananionyesha vidole, sijui ni dakika kumi au tano. Tano. Sawa, basi haya mengine nakimbia.

Mipaka. Hifadhi imelinda sehemu ya juu, nashukuru, bila 2005 hata haya tusingekuwa nayo ya kuongelea. Lakini kijito hakijui mpaka, kinatoka ndani kinaingia nje, na nje mara tu unakuta viazi mpaka kwenye ulimi wa maji. Viazi vya Isyonje, Kikondo, Matamba, ni hela ya watu, najua. Limeni mlimani kwa matuta ya kukinga, bondeni muache. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto usifanye shughuli. Mita 60 kutoka ukingo upi? Kwenye mto wenye kingo hiyo sheria inaeleweka, kwenye bonde jeusi ambalo lote ni chepechepe, ukingo wa kijito uko katikati ya bonde na chepechepe inaweza kuendelea mita mia kila upande. Mimi ningependa ipimwe kwa kisigino, pale unyayo unapojaa maji mwezi wa kumi hapo hapalimwi, ishia hapo. Wanasheria watanicheka lakini mkulima ataelewa bila semina.

Miti. Mikaratusi na mabonde haviendi pamoja. Kuna watu wanapanda mikaratusi kwenye chanzo kwa nia nzuri kabisa, wameambiwa pandeni miti mtunze maji, wamepanda, na mti unakunywa kile walichokuwa wanakitunza. Ng'oeni, wekeni miti ya asili kama mivengi, au msiweke kitu, bonde la majani likiachwa lilivyo linafanya kazi yake vizuri tu, sio kila sehemu isiyo na miti imeharibika! Kitulo ni nyanda za majani, ndo asili yake.

Chikanda. Viazi vya okidi vinachimbwa, vinapitishwa Tunduma kwenda Zambia kuliwa, makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalikuwa ni mamilioni ya viazi kwa mwaka. Watu wa maua wanalia na maua, mimi nalia na shimo, maana baadhi ya hizo okidi zinaota kwenye unyevu, na bonde lililotobolewa tobolewa kwa jembe linakauka. Hili lingehitaji mhadhara wake.

Kipunji, yule nyani aliyegunduliwa Rungwe mwaka 2003 na yupo pia msitu wa Livingstone ndani ya Kitulo, nilikuwa nimemwandalia maneno, naacha. Msitu ule nao unashika maji, hiyo inatosha. Samaki naacha kabisa.

Ninachoomba kwa mwaka huu ni kidogo. Vikao vya ugawaji wa maji visogezwe mwisho wa Septemba na vifanyike mtoni, watu wamesimama wanauona mto, sio ukumbini. Kibali chochote kipya kipewe kwa fungu, na vya zamani vilivyoandikwa namba moja ya mwaka mzima viitwe virekebishwe, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji iko Iringa hapo, sio mbali, jumuiya mkiandika kwa pamoja mtasikilizwa kuliko mimi nikiandika peke yangu. Sera ya Maji ya 2002 tayari inasema binadamu kwanza, mazingira pili, ndo wengine wafuate, kwa hiyo hamuombi upendeleo. Na nyie vijana wa chuo, kila mmoja ana simu yenye saa. Chagueni kijito kimoja kila kikundi, ombeni ruhusa kwa watu wa hifadhi kwa utaratibu wao, mkipime mwezi wa kumi mahali pale pale kila mwaka, andikeni tarehe, upana, kina, sekunde, na nakala ipelekwe kijiji cha chini kinachotumia hayo maji, sio ibaki kwenye faili la chuo.

Nimemaliza mwenyekiti. Maswali naomba tuanze na yule mama wa Igurusi, amenyoosha mkono tangu nilipotaja banio.